Sare Mkobani: Jinsi ya Kuendesha Baiskeli Wakati wa Mvua

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sisi wa shule ya kutwa tunaokuja kwa baiskeli twayajua mawingu hayo vyema. Huku kwetu Kakamega, mvua kubwa hupenda kunyesha alasiri, wakati ule ule kengele ya kwenda nyumbani inapolia. Wengi wetu tuna sare moja tu. Ikilowa saa kumi jioni, alfajiri bado ni mbichi, na kuna wenzetu ambao siku hiyo hawaji darasani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwanza, kwa nini mtu aliyelowa hutetemeka? Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Tena maji yanapokauka mwilini huondoka na joto, jambo ambalo katika Fizikia huitwa joto fiche. Juu ya baiskeli, upepo huyakausha haraka zaidi. Kwa hivyo adui si mvua peke yake, bali ni mvua pamoja na upepo. Ukiukinga upepo kifuani, miguu ikilowa si neno.

Dawa ya kwanza ni hii: sare isafiri mkobani, si mwilini. Mimi huendesha nikiwa na fulana na kaptura kuukuu, kisha hubadilisha nikifika. Juu yake vaa sweta, halafu koti la nailoni. Huna koti? Jamani, usikate tamaa. Chukua mfuko wa ndani wa gunia la sukari, uoshe, utoboe tundu la kichwa na mawili ya mikono. Gazeti kuukuu likiwekwa chini ya sweta nalo huzuia baridi ya asubuhi. Ukipanda mlima, legeza shingoni kidogo, ama utalowa kwa jasho badala ya mvua.

Pili, vitabu. Zamani watu walivifunga kwa mifuko ya plastiki ya dukani, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Ile ya kitambaa tunayouziwa siku hizi hupitisha maji. Basi tia vitabu na sare katika mfuko mwingine wa gunia, ukunje mdomo mara mbili, ufunge kwa mpira wa tyubu iliyochakaa.

Tatu, breki. Rimu za chuma za Black Mamba zikilowa, raba za breki huteleza, na hapo ndipo utajua hujui! Kabla ya mteremko, gusa breki kidogo kidogo ili raba zipanguse maji. Usipite katikati ya dimbwi usilolijua, maana huenda limeficha shimo. Radi ikianza kunguruma, usijikinge chini ya mti. Ingia ndani ya nyumba au dukani, ungoje. Heri kuchelewa kuliko kutofika.

Ukifika nyumbani, jaza karatasi za gazeti ndani ya viatu, na uzibadilishe zikilowa. Usiviweke karibu na moto, kwani ngozi itapasuka. Pangusa cheni kwa kitambaa, kisha itie mafuta, lakini mafuta yasiguse rimu.

Mwisho, nina ombi kwa walimu wetu wapendwa. Siku za mvua, tukubalieni tupite langoni tukiwa na nguo za nyumbani, mtupe dakika tano za kubadilisha. Si utovu wa nidhamu. Mwanafunzi mwenye shati kavu husikiliza somo, lakini aliyelowa husikiliza meno yake tu.

Haya shime, wenzangu! Mvua ni baraka kwa mahindi na miwa yetu. Isiwe sababu ya dawati lolote kubaki tupu.