Wazee wa Dingolfing Walipoulizwa

Mwaka 2007 wakuu wa kiwanda cha magari cha BMW huko Dingolfing, kusini mwa Ujerumani, walipiga hesabu iliyowatia wasiwasi. Wastani wa umri wa wafanyakazi wao ulikuwa miaka 39. Baada ya miaka kumi ungefika 47. Wakachukua mstari mmoja wa kuunganisha giaboksi za akseli ya nyuma, wakaweka watu 42 ambao wastani wa umri wao ulikuwa huohuo wa miaka 47, kisha wakawauliza: kazi hii inawaumiza wapi?

Mwanzoni wengi waliukimbia mstari huo. Kiwandani uliitwa mstari wa wastaafu, na nani anataka kuitwa mstaafu angali kazini?

Lakini majibu yao yalikuwa ya watu wanaoijua kazi. Sakafu ya saruji iliumiza magoti, ikawekwa ya mbao. Vikaja viti mfano wa vya kinyozi, meza za kupandisha na kushusha, lenzi za kukuzia vipuri vidogo, na maandishi makubwa kwenye skrini. Mafundi wakawa wanabadilishana vituo katikati ya zamu ili mwili usichoshwe upande mmoja. Mabadiliko yalikuwa 70, na gharama yote, pamoja na muda wa wafanyakazi, ilikuwa kama euro 40,000. Ndani ya mwaka mmoja uzalishaji ulipanda kwa asilimia 7, ukalingana na wa mistari ya vijana.

Kisa hiki kinazihusu ofisi nyingi ambako kila siku husikika kwamba vijana hawana subira na wazee hawabadiliki. Mwaka 2020 Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti iliyopitia tafiti za miaka mingi, ikahitimisha kwamba kuwasimamia watu kwa kufuata majina ya vizazi hakuna msingi madhubuti. Tofauti zipo, ila nyingi ni za hatua ya maisha. Mwenye miaka 25 anatafuta pa kuanzia. Mwenye 55 anawaza mafao, na pengine bado ana mtoto chuoni.

Ujuzi nao hauendi upande mmoja. Mwaka 1999 Jack Welch, mkuu wa General Electric, aliwaagiza viongozi wa juu wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti, naye akajitafutia wake.

Nchini Tanzania mtumishi wa umma kwa kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Kwa hiyo meneja wa miaka 30 huweza kumsimamia mtu ambaye yeye mwenyewe humwamkia shikamoo kila asubuhi, na hilo si tatizo hata kidogo. Tatizo ni ukimya unaofuata. Kijana anaona mzee amekosea hesabu, anaona haya kusema. Mzee anaelekezwa mfumo mpya wa kompyuta, anaitikia "sawa", kisha anamwita karani pembeni amjazie. Wote wawili wanaficha jambo ambalo meneja angelitatua kwa kuwapa kazi moja waifanye pamoja: mmoja aingize kumbukumbu kwenye mfumo, mwingine aeleze kwa nini mteja fulani hulipa kila baada ya mavuno. Na kazi hiyo ianze miaka miwili kabla ya barua ya kustaafu, kwa sababu wiki ya kuagana huwa ni ya hotuba na picha tu.