Kumpima Mchezaji Ahamaye: Mfano wa Vyuo vya Marekani

Wengi wetu tukisikia neno mpira hufikiri mara moja mpira wetu wa miguu. Wamarekani nao wana mpira wao, ambao ingawa huitwa wa miguu, aghalabu hushikwa kwa mikono, na umbo lake ni la yai. Kila timu huingiza watu 11 uwanjani, na kazi yao ni kuusogeza mpira mbele, ama kwa kukimbia nao ama kwa kuutupa, mpaka wavuke mstari wa mwisho upande wa wenzao. Nia yangu hapa si kufundisha sheria za mchezo huo, maana ni nyingi mno. Nataka kueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi vyuo vikuu vya huko vinavyompima kijana atakaye kuhama chuo kimoja kwenda kingine ili acheze. Nimelichagua kwa kuwa mwaka huu baadhi ya wazee waliosoma hapa wamekuwa wakizungumza habari ya kuwalipia karo vijana wa shule nyingine wajuao mpira, ili waje watuchezee. Kabla ya kusema ndiyo au la, yafaa tuwatazame watu waliolifanya jambo hilo kwa fedha nyingi, mara wakafaulu, mara wakakosea.

Kwanza nieleze desturi yenyewe. Marekani mchezo wa chuo si jambo la kupitisha jioni. Mwaka 2025 timu za vyuo za daraja la juu zilikuwa 136, na baadhi ya viwanja vyao huingiza watu zaidi ya 100,000. Kijana hodari hupewa masomo, chakula na malazi bila malipo, naye hulipa kwa kucheza. Michezo mingine ni vivyo hivyo. Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia za mbio katika siku 81 mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State.

Zamani kuhama kulikuwa kugumu. Mchezaji wa mpira aliyehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, na chuo chake cha kwanza kiliweza kumzuia asizungumze na chuo fulani. Oktoba 2018 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kilianzisha daftari la wahamaji. Atakaye kuhama huandikwa humo, na tangu hapo kocha ye yote aweza kumwendea. Mwaka 2021 wachezaji wa mpira waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa ule mwaka, na mwaka 2024 hata mpaka huo wa mara moja ukaondolewa, mradi mchezaji awe sawa katika masomo yake. Julai 2021 waliruhusiwa kupokea fedha kwa majina na sura zao kutumika katika matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwagawia sehemu ya mapato. Basi kuhama kumekuwa kama soko. Mwanzo wa 2026 daftari la wachezaji wa mpira lilifunguliwa siku 15 tu, tangu tarehe 2 Januari hadi 16. Kocha aliyezoea kumtazama kijana wa sekondari kwa miaka miwili au mitatu, sasa hana budi kumpima mhamaji kwa siku chache, huku makocha wengine wakigonga mlango ule ule. Katika haraka hiyo hutazama mambo matatu: kipaji, kufaana, na tabia.

KIPAJI. Hili ndilo jambo lionekanalo upesi, na kwa sababu hiyo ndilo lidanganyalo upesi. Kijana huja na sinema fupi yenye mambo yake mazuri matupu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kocha mwenye akili huiweka kando sinema hiyo, akaomba michezo mizima, ili aone kijana hufanya nini mpira ukiwa mbali naye, na hufanya nini timu yake inaposhindwa. Huuliza pia alicheza na nani, maana kumwangusha mtu wa chuo kidogo si sawa na kumwangusha mtu wa chuo kikubwa. Huuliza habari za magoti na mabega yake, na misimu iliyobaki kabla muda wake wa kucheza haujaisha.

Tena wako wataalamu wa magazeti ambao huwapa vijana wa sekondari nyota, moja hadi tano, kwa kadiri wanavyowatarajia. Wengi huendelea kumwita mtu mwenye nyota tano hata baada ya miaka mitatu ya kukaa benchi. Curt Cignetti, kocha wa chuo cha Indiana, hufuata njia nyingine. Yeye hutazama zaidi yale ambayo mtu amekwisha kuyafanya kuliko yale ambayo watu wanayatarajia kwake. Mwaka 2023, kabla hajafika, Indiana ilishinda michezo 3 na kushindwa 9. Alipokuja alifuatwa na wachezaji 13 kutoka chuo alikotoka, James Madison, ambacho si chuo cha sifa kubwa katika mchezo huo. Mwaka 2024 Indiana ilishinda 11 na kushindwa 2. Mwaka uliofuata alimpata Fernando Mendoza kutoka chuo cha California. Kijana huyu alipotoka sekondari hakuwa miongoni mwa wale wenye nyota nyingi. Lakini Desemba 2025 alitunukiwa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote, na Januari 2026 Indiana ikatwaa ubingwa wa nchi bila kushindwa hata mara moja.

KUFAANA. Mchezaji mzuri si mzuri kila mahali. Katika mchezo huu yuko mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye hupokea mpira karibu kila mara, na huamua kama autupe, akimbie nao, au ampe mwenziwe. Joe Burrow alikuwa kwotabeki wa Ohio State, lakini alikaa nyuma ya wengine miaka mitatu. Mwaka 2018 alihamia LSU, akatupa mipira 16 ya kufunga katika msimu ule. Si vibaya, wala si ajabu. Mwaka 2019 LSU ilimleta mwalimu kijana, Joe Brady, aliyekuja na mpango mpya wa kutupa mpira. Mwaka huo Burrow alitupa mipira 60 ya kufunga, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake, akapata tuzo ya Heisman, na timu yake ikawa bingwa. Mtu alikuwa yule yule, na chuo kile kile. Kilichobadilika ni mpango uliolingana na mikono yake.

Habari ya Michael Penix hufunza zaidi. Alicheza Indiana misimu minne, na kila msimu ulikwisha kwa yeye kuumia, mara goti, mara bega. Makocha wengi wangemwogopa mtu wa namna hiyo. Lakini Kalen DeBoer, aliyekuwa kocha mpya wa chuo cha Washington, alikuwa amemfundisha Indiana mwaka 2019, akajua moyo wake na jinsi anavyoufahamu mpango wake. Alimchukua mwaka 2022, na Januari 2024 Washington ilifika mchezo wa mwisho wa ubingwa, ingawa Michigan iliwashinda 34 kwa 13. DeBoer hakubahatisha, alikuwa na habari ambazo wengine hawakuwa nazo.

Kufaana kuna upande wa pili, yaani kufaana kwa wachezaji wenyewe kwa wenyewe. Deion Sanders, aliyekuwa mchezaji mashuhuri, alipewa timu ya Colorado mwishoni mwa 2022, baada ya timu hiyo kushinda mara 1 na kushindwa 11. Aliwaleta wahamaji zaidi ya 50 kwa mwaka mmoja, miongoni mwao mwanawe Shedeur, ambaye ni kwotabeki, na Travis Hunter. Walishinda michezo mitatu ya kwanza na nchi nzima ikawashangilia. Kisha wakaanza kuporomoka, wakamaliza msimu wa 2023 kwa kushinda 4 na kushindwa 8. Walikuwa na watu wa kung'aa, lakini wale wa mbele, wenye kazi ya kumkinga kwotabeki, walikuwa dhaifu. Shedeur aliangushwa na mpira mkononi zaidi ya mara 50. Kazi ya ukuta huo huhitaji watu watano waliozoeana kama wapiga kasia. Mwaka 2024 walitengenea kidogo, wakashinda 9, na Hunter akapata tuzo ya Heisman. Hapo twaona ya kuwa umati wa wageni huhitaji muda, hata wawe hodari namna gani.

TABIA. Hapa ndipo makocha wengi hujikwaa, kwa sababu hapa mtu aweza kujidanganya mwenyewe. Kwa maoni yangu ni lazima kutenga makosa ya aina mbili. Yako makosa ya ujana, kama uchelewaji, uvivu darasani, au kugombana na kocha. Mtu wa namna hii aweza kujengeka, ikiwa anakokwenda kuna wakubwa wa kumjenga. Cam Newton alikamatwa mwaka 2008, alipokuwa chuo cha Florida, kwa shauri la kompyuta iliyoibwa. Shauri lilifutwa baada ya yeye kutimiza masharti ya marekebisho. Alikwenda chuo kidogo cha Blinn huko Texas, akatwaa ubingwa wa vyuo vya namna hiyo, na mwaka 2010 aliiongoza Auburn kushinda michezo yote 14. Je, ilikuwa haki kumfungia mlango daima? Mimi sidhani.

Lakini yako makosa ambayo mtu mwingine ndiye aliyeumia, na hasa ukatili juu ya wanawake. Mwaka 2015 shirikisho la vyuo vya kusini, SEC, lilikataza vyuo vyake kumpokea mhamaji aliyefukuzwa kwingine kwa makosa ya namna hiyo. Mwaka 2017 Indiana ilikwenda mbele zaidi, ikakataa mchezaji ye yote, awe mhamaji au mgeni wa sekondari, ambaye imethibitika ametenda ukatili huo. Hata chuo cha dini hakisalimiki kwa jina lake. Baylor ni chuo cha Wabatisti. Mwaka 2016 uchunguzi ulionyesha kuwa hakikuyashughulikia ipasavyo malalamiko ya wasichana waliosema wamedhulumiwa, baadhi yake yakiwa juu ya wachezaji wa mpira. Kocha Art Briles aliondolewa, na rais wa chuo naye akavuliwa cheo. Timu ilikuwa imeshinda sana miaka ile, na ushindi ule ndio uliowafumba watu macho.

Basi tabia hupimwaje? Kocha wa zamani hatoshi, kwa maana huenda ana hasira ya kuachwa, au huenda ana furaha ya kumwondoa mtu msumbufu. Wenye busara huwauliza walimu wa darasani, mganga wa timu, mtunza jezi na wapishi. Maana mtu huwaonyesha hawa sura yake ya kweli, akijua ya kuwa si wao wapangao timu. Kisha hutazama daftari la mahakama, wala hawaamini neno la mdomo.

Iko pia habari ya masomo. Masomo aliyoyapita mtu chuo cha kwanza huenda yasihesabiwe yote chuo cha pili, na ahamaye mara tatu aweza kumaliza muda wake wa kucheza bila shahada. Tena si kila jina liingialo katika lile daftari hupata pa kutokea. Wako wanaobaki wamepoteza chuo cha kwanza, na cha pili hawakukipata. Kwa upande huu wengi husifu chuo cha Notre Dame, ambacho hakilegezi sana masharti ya darasani. Baadhi yetu hapa Uganda tunalifahamu shirika lililokianzisha mwaka 1842, kwa kuwa ni lile lile la mapadre wa Msalaba Mtakatifu waliofika kwetu mwaka 1958. Mwaka 2024 Notre Dame ilimpokea Riley Leonard kutoka Duke, chuo kigumu cha masomo, hivyo darasa halikumshinda. Walifika mchezo wa mwisho wa ubingwa Januari 2025, wakafungwa na Ohio State 34 kwa 23. Kwotabeki wa Ohio State, Will Howard, naye alikuwa mhamaji, kutoka Kansas State.

Sasa nirudi kwetu. Sipingi wageni. Shule yetu ni ya misheni, na mlango wake umekuwa wazi tangu zamani. Lakini nawaomba wazee wetu, kabla ya kulipa karo ya kijana kwa ajili ya miguu yake, wauliza maswali manne. Je, tumemwona katika michezo mizima, au tumesikia sifa za bao moja? Je, tuna upungufu mahali anapocheza, au tutamweka nje mdogo wetu ambaye amefanya mazoezi hapa tangu kidato cha kwanza, kisha tumwambie shule ni yake? Je, walimu wa shule anayotoka wasema nini juu yake, na je, kuna mtu aliyeumizwa naye?

Na la nne, ambalo naona ndilo kubwa: akivunjika mguu katika wiki ya kwanza, tutaendelea kumlipia karo mpaka afanye mtihani wake wa mwisho? Kama jibu ni ndiyo, na aje, tutampokea kama ndugu. Kama jibu ni la, basi hatukumleta asome, na fedha hizo ni afadhali ziwalipie karo wale walioko hapa ambao hurudishwa nyumbani kila mwanzo wa muhula.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita