Wa 100 Duniani

Mzazi wa Kakamega akifungua ripoti ya shule na kukuta mwanawe amekuwa wa 100, hapigi vigelegele. Ndiyo maana wengi hapa, wakiambiwa kwamba Paul Wekesa alikuwa wa 100 duniani katika tenisi mwaka 1995, huuliza: ni hayo tu?

Hayo ni makubwa. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine Mkenya aliyefika hapo.

Mashindano makuu ya tenisi ni manne kwa mwaka: ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Kila moja huchukua wanaume 128. Takriban 104 huingia moja kwa moja kwa kufuata orodha ya dunia, 16 hupitia mchujo, na wanane hualikwa na waandaaji. Wa 100, basi, yumo ndani, na hata akitolewa mechi ya kwanza analipwa. Wa 120 huenda akalazimika kushinda mechi tatu za mchujo ili tu apate pa kuanzia.

Kazi ngumu ni kubaki hapo. Pointi za tenisi hukaa wiki 52, kisha hufutwa. Ukishinda Machi hii, Machi ijayo urudi ushinde tena, la sivyo unashuka. Mkulima wa Lurambi analijua jambo hili: mahindi ya mwaka jana yakiisha ghalani, hakuna wa kumhurumia asiyepanda.

Hata Rafael Nadal wa Hispania hakuhurumiwa. Tangu Aprili 2005 hadi Machi 2023 hakutoka kumi bora, wiki 912 mfululizo. Januari 2023 aliumia nyonga huko Australia, akakaa nje karibu mwaka mzima. Aliporudi Brisbane Januari 2024, bingwa huyu wa mataji makuu 22, 14 kati yake ya Ufaransa, alikuwa ameporomoka hadi nje ya 600 bora. Novemba mwaka huo akaitundika raketi mjini Málaga, nyumbani Hispania.

Sasa mrudie Wekesa. Alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1987. Mwaka 1989 alitwaa taji la wachezaji wawili wawili Seoul, akiwa na Mmarekani Scott Davis. Kutoka 1987 hadi 1995 ni miaka minane, na kila mwaka pointi zake zilifutwa, akazitafuta upya. Mhispania hupata pointi nyingi bila kuvuka mpaka wa nchi yake. Mkenya huanza na viza, tiketi ya ndege na hoteli, kabla hajapiga mpira hata mmoja. Kwa macho yangu, hiyo 100 ilipatikana kwa jasho zaidi ya 50 ya mchezaji wa Ulaya.

Hata hapa nchini safari ni ndefu: mashindano ya kimataifa ya tenisi yanapokuja Kenya, kwa kawaida huchezwa Nairobi. Kijana wa Kakamega mwenye kipaji anahitaji kwanza nauli ya basi, kitanda cha kulala na mipira ya mazoezi. Serikali ya kaunti na iviandike vitu hivyo vitatu kwenye bajeti yake ya michezo.