Mgonjwa Haulizwi Uji, Aulizwe Upasuaji: Kumsaidia Mama Kuchagua Tiba ya Saratani ya Titi

Utangulizi

Waswahili husema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hii huhimiza ukarimu: anayeugua apewe bila kungojwa aombe. Hata hivyo, katika jamaa nyingi imevutwa ikafika pasipo pake. Mama akigunduliwa kuwa na saratani ya titi, wana hukutana, wajomba huitwa, na uamuzi juu ya mwili wake hutolewa yeye akiwa jikoni. Makala haya yanashikilia kuwa saratani inapogunduliwa mapema, aghalabu huwapo njia mbili za upasuaji, na anayestahili kuchagua baina yake ni mama mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee hapa. Katika hospitali za Kakamega, maelezo ya kitabibu mara nyingi huanza kwa Kiingereza, ilhali mama huenda anafikiri kwa Lwisukha, Lwidakho, Lukabarasi au Luwanga. Kiswahili huwa daraja, na mara nyingi mtoto aliye chuoni ndiye huombwa asimame juu yake. Akiteleza katika neno moja, mama anaweza kuchagua jambo ambalo hakulielewa.

Njia mbili na majina yake

Njia ya kwanza ni kuondoa titi lote. Ya pili ni kuondoa uvimbe pamoja na ukingo mdogo wa nyama isiyo na ugonjwa, kisha kulitibu kwa mionzi titi lililobaki. Katika njia zote mbili, tezi za kwapani huchunguzwa ili kujua kama saratani imefika huko.

Tatizo la kwanza ni la msamiati. Watu husema tu "kukatwa titi", na usemi huo hubeba njia zote mbili. Mama aambiwaye kuwa atakatwa titi huona picha moja pekee. Ni heri mkalimani aseme waziwazi "kuondoa titi lote" na "kuondoa uvimbe na kuacha titi". Isitoshe, njia ya pili ni jozi: upasuaji na mionzi. Kumtajia mama nusu ya kwanza na kuisahau ya pili ni kumpotosha.

Sitiari ya mizizi

Mkulima anajua kuwa kipande cha mzizi wa sangari kikisalia udongoni, huchipuka tena. Saratani nayo husemwa kuwa ina mizizi. Kutokana na sitiari hii, wengi hukata shauri kuwa kuondoa titi lote ni salama zaidi kwa uhai.

Fikra hiyo iliwahi kuwa ya madaktari pia. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa pamoja. Desturi hiyo ilitawala kwa zaidi ya nusu karne. Ndipo Umberto Veronesi alipoanzisha utafiti mjini Milan mwaka 1973, kwa wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Bernard Fisher naye alianza wake Marekani mwaka 1976, kwa wanawake 1,851. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaondolewa titi lote na wengine wakahifadhiwa titi.

Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002. Tafiti zote mbili hazikuona tofauti ya maana katika kuishi kati ya makundi hayo. Sababu ni kwamba kinachoua ni chembe zilizokwisha kusafiri kwa damu au limfu kabla ya kisu kufika. Kukata zaidi kifuani hakuzifuati huko ziliko. Dawa ndizo huzifuata.

Hata hivyo, ukweli mwingine usifichwe. Katika utafiti wa Milan, saratani ilirudi mahali pake kwa asilimia 8.8 ya waliohifadhiwa titi, na asilimia 2.3 ya walioondolewa lote. Katika utafiti wa Fisher, ilirudi katika titi lililohifadhiwa kwa asilimia 14.3 ya waliopata mionzi, na asilimia 39.2 ya wasioipata. Dawa za leo zimeboresha hali hii, lakini somo limebaki: mionzi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mambo ya kupimwa na mkazi wa Kakamega

Mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Mkazi wa Kakamega huifuata Eldoret, yapata kilomita 100, au Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Hivyo basi yaulizwe haya: Mama atalala kwa nani? Nani atabaki na shamba na wajukuu? Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipia sehemu gani?

Kuna hali ambazo daktari hushauri kuondoa titi lote: uvimbe ukiwa mahali pengi, ukiwa mkubwa ukilinganishwa na titi, au kifua kikiwa kimewahi kupigwa mionzi. Vilevile, kuondoa titi lote si hakikisho la kuepuka mionzi, kwani saratani ikikutwa katika tezi za kwapa huenda ikahitajika bado. Tezi nyingi zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba, jambo zito kwa anayeishi kwa jembe.

Mtoto kama mkalimani

Mkalimani mwema hutafsiri yote, pamoja na yanayotisha. Kuigeuza "saratani" kuwa "kijipu" ni kumnyima mama haki yake. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 kinataka mgonjwa aelezwe njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa.

Baada ya maelezo, mama aombwe ayarudie kwa maneno yake. Kisha aulizwe faraghani, kwa heshima: "Mama, daktari asema njia zote mbili zinakupa matumaini sawa ya kuishi. Lipi linakulemea zaidi, kulikosa titi au safari za mionzi?" Akijibu kuwa anataka kuondoa lote ili alale usingizi bila hofu, hilo ni jibu kamili. Akisema analitaka titi lake ingawa amezeeka, hilo nalo ni jibu kamili, na asichekwe. Siku chache za kutafakari kwa kawaida hazidhuru. Kinachodhuru ni miezi ya kujificha, kwani mficha maradhi kilio humuumbua.

Hitimisho

Sayansi imelifungua swali ambalo zamani lilifungwa, nayo sheria imemkabidhi mgonjwa jibu. Kilichobaki ni lugha ya kuliuliza, na hiyo ndiyo kazi tuliyosomea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; wana na wajomba na wakae karibu, wachange nauli, washike mkono, lakini neno la mwisho liwe la mama.