Mashine Yaandika, Karani Ataulizwa

Mtu wa Pwani akitajiwa Meru hukumbuka miraa, akitajiwa Embu huuliza, "Iko upande gani?" Lakini waliofanya kazi za serikali katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki waijua Embu. Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, makao makuu ya mkoa yalikuwa mjini humo, na habari za watu wa Moyale hadi Makueni zilifika huko zikiwa ndani ya mafaili.

Bwana wa mafaili hayo alikuwa karani. Yeye ndiye aliyejua faili ya fulani iko rafu gani, na bila yeye hata mkubwa hakuwa na la kuamua. Kwa kazi hiyo alijenga nyumba na kusomesha watoto.

Leo kazi hiyo yamtoka mikononi. Mwananchi wa Embu au Meru huomba hati kwa simu yake kupitia eCitizen. Tena, Machi 2025, serikali ya Kenya ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Bandia wa 2025 hadi 2030. Akili bandia ni kompyuta iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, hata ikaweza kutunga barua, kufupisha ripoti na kupanga maombi. Kazi ya kutwa nzima huimaliza kwa dakika chache.

Je, karani afunge virago? Aliyejua kunakili tu ana haki ya kuogopa. Lakini tumfikirie bibi mkongwe ateremkaye kutoka Igembe, asemaye Kimeru tu, na jina lake limeandikwa namna mbili katika hati mbili. Mashine itaona majina hayalingani, imkatae. Karani atamwuliza, "Bibi, wewe ni wa ukoo gani? Nani aliyeliandika jina hili?" Baraza la wazee wa Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, Meru, halikukata shauri kwa karatasi; lilikaa likawasikiliza watu.

Sheria nayo yamlinda bibi huyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo zito linalomhusu, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Lakini haki hiyo yafaa nini, ikiwa nyuma ya dirisha hakuna mtu wa kumwendea?

Kwa hiyo karani asifukuzwe, afunzwe: aijue mashine, aikague, na aweze kuipinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nasi wa Pwani, tuliowahi kudaiwa hati za babu zetu tulipotafuta kitambulisho, tusilione jambo hili kuwa ni la watu wa bara. Kazi ya umma ni amana. Mashine haibebi amana, wala haitaulizwa. Atakayeulizwa ni mja.