Sakafu ya Vespa ikiliwa na kutu: namna ya kuirekebisha nyumbani

Na MWANDISHI WETU

MTU anaponunua skuta kuukuu aina ya Vespa, jambo la kwanza analolichunguza ni injini. Huipiga kiki, akaisikiliza inavyonguruma, kisha akatoa pesa zake. Ni wachache mno wanaoinama kutazama sakafu, yaani lile bati ambalo dereva huwekea miguu. Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Injini iliyochoka itakuacha njiani na kukuudhi. Lakini sakafu iliyoliwa na kutu yaweza kupasuka au kupinda ukiwa mwendoni, na hapo si gari la kuvutwa utakalohitaji bali ambulensi.

Habari njema ni kwamba uharibifu huu unaweza kurekebishwa, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ikafanyiwa nyumbani. Kinachotakiwa ni subira, vifaa vichache na kufuata hatua kwa mpangilio. Wanaoharibu skuta zao mara nyingi si wale wasio na vifaa bali ni wale wanaoruka hatua.

Mwili ndio fremu

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kujua jinsi Vespa ilivyoundwa. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilisajili ubunifu wa skuta hii mwaka wa 1946. Aliyeichora alikuwa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Jina lenyewe, Vespa, kwa Kiitaliano lina maana ya nyigu.

D'Ascanio aliacha mtindo wa kujenga pikipiki juu ya fremu ya mabomba. Badala yake alitumia mabati ya chuma yaliyokunjwa na kuunganishwa yakawa mwili mmoja unaobeba uzito wote, kama ilivyo kwa ndege. Hii ndiyo tofauti ya Vespa na mshindani wake wa jadi, Lambretta, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1947. Lambretta za kale zina bomba nene la chuma lipitalo chini, na mabati ya sakafu hufungwa tu juu yake kwa boliti. Yakioza, unayafungua na kuweka mengine.

Vespa haina bomba la namna hiyo. Kati ya usukani na kiti pako wazi. Kinachoshika sehemu ya mbele na ya nyuma zisiachane ni ile sakafu, pamoja na mwinuko ulio wazi ndani kama mfereji, unaopita katikati yake. Ndani ya mfereji huo hupita nyaya za breki, klachi na gia. Kanyagio la breki ya nyuma limeshikizwa hapo hapo, na stendi imefungwa chini yake. Kwa hivyo, sakafu ikilegea, hata nguvu unayokanyagia breki hupotea katika bati linalobonyea.

Kutu hutoka wapi?

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha jambo hilo, na ndiyo maana skuta za Mombasa, Malindi au Unguja huliwa upesi kuliko za bara.

Adui mwingine ni zulia la mpira ambalo wengi hulitandika juu ya sakafu wakidhani wanailinda. Maji ya mvua na ya kuoshea huingia chini yake na kukaa humo siku nyingi. Kadhalika, matundu ya ribiti zinazoshika vile vipande virefu vya mpira na alumini hukwaruza rangi na kuyafungulia maji njia.

Hata hivyo, mahali pabaya zaidi hapaonekani kwa juu. Chini ya sakafu kuna vyuma vya kuikaza, mfano wa mataruma ya jahazi. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujikusanya kandokando yake, nao unyevu hupenya katikati ya bati na bati. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huyasukuma mabati hayo mpaka yakaachana.

Pima kabla ya kukata

Anza kwa kuondoa zulia na vipande vya mpira, kisha uilaze skuta kwa ubavu juu ya godoro kuukuu baada ya kuondoa mafuta. Futa tope lote kwa brashi ya waya. Halafu chukua bisibisi na uidungedunge sakafu kwa chini, hasa pembeni mwa vile vyuma vya kukaza na mahali stendi inaposhikilia. Chuma kizima hukataa. Kilichooza hubonyea au kutoboka.

Pitisha pia sumaku ndogo juu ya sakafu. Pale isiponata, ujue kuna mtu aliyewahi kujaza shimo kwa fila ya kupigia bodi au kwa nyuzi za kioo kisha akapaka rangi. Marekebisho hayo hayana nguvu yoyote. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Matokeo yatakuweka katika mojawapo ya hali tatu. Ya kwanza ni kutu ya juu juu, ambapo chuma kimebadilika rangi lakini bado ni kigumu. Ya pili ni matundu machache yaliyo mbali na mfereji na vyuma vya kukaza. Ya tatu ni uozo uliofika kwenye vyuma hivyo au kwenye mfereji wenyewe, au sakafu iliyoanza kulegea.

Hali ya kwanza waweza kuimaliza peke yako bila mashine ya kuchomelea. Sugua mpaka chuma king'ae, kisha upake dawa ya kuua kutu yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa utando mweusi mgumu. Vaa glavu na miwani. Ikikauka, paka rangi ya msingi. Lakini kumbuka kwamba dawa hiyo haikirudishi chuma kilichokwisha kuliwa.

Hali ya pili na ya tatu zinahitaji kukata na kuchomelea.

Funga mhimili kwanza

Kabla ya yote, ondoa tangi la mafuta, betri, injini na nyaya zote. Tangi la Vespa liko chini ya kiti, na mvuke wa petroli unaobaki katika tangi tupu hulipuka kwa urahisi. Lipeleke mbali kabisa na mahali pa kazi. Ndani ya mfereji pia hujaa grisi ya miaka mingi ambayo huweza kushika moto, kwa hivyo isafishe kadiri uwezavyo na uweke ndoo ya mchanga karibu. Piga picha za kila hatua ili ukumbuke kila waya ulipopita.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka na kujuta baadaye. Kwa kuwa sakafu ndiyo inayoshika mbele na nyuma, ukiikata bila kuweka kitu kingine badala yake, mwili utajikunja. Utaunganisha sakafu mpya vizuri sana, lakini skuta itakuwa imepinda, na magurudumu hayatafuatana tena.

Chukua bomba la chuma la mraba, ulishikize kuanzia kwenye shingo ya usukani hadi mahali kiti kinapofungwa. Ongeza mengine mawili, kulia na kushoto, kutoka kwenye ngao ya miguu hadi sehemu ya nyuma ya mwili. Yachomelee kidogo tu, kwa kuwa utayaondoa baadaye. Kisha pima kwa futi kamba kutoka shingo hadi alama kadhaa za nyuma, pande zote mbili, na uandike vipimo hivyo. Utavirudia kila baada ya hatua.

Bati la paa halifai

Sakafu za kuweka badala huuzwa zikiwa zimekwisha kukunjwa kwa aina nyingi za Vespa. Usipozipata, mafundi wa Jua Kali kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi ni mahiri wa kukunja bati. Wapelekee ile ya zamani kama kielelezo. Hiyo ndiyo sababu hupaswi kuitupa hata kama imeoza.

Jambo la kusisitiza ni unene. Sakafu ya Vespa ni ya bati la chuma la unene wa zaidi kidogo ya milimita 1. Usikubali mabati ya kuezekea. Ni membamba mno, na isitoshe yamepakwa zinki, ambayo ikichomwa hutoa moshi unaomletea mchomeleaji homa na kifua kubana.

Kata upande mmoja kwanza, uumalize, ndipo uende wa pili. Acha ukingo wa chuma kizima wa sentimita 2 hivi ili bati jipya lipate pa kulalia. Mahali palipounganishwa kiwandani kwa madoa ya moto, toboa kila doa kwa drili badala ya kung'oa kwa patasi, usije ukararua chuma kizuri.

Jihadhari usiiguse nambari ya fremu iliyogongwa kwenye mwili. Ikifutika au isipolingana na iliyo kwenye kitabu cha umiliki, utapata taabu kuuthibitishia ulimwengu kwamba skuta ni yako.

Lijaribu bati jipya kabla ya kulichomelea. Liweke mahali pake, ulibane kwa vibanio, kisha ufunge kanyagio la breki na stendi. Je, kanyagio linashuka bila kugusa kingo za tundu? Stendi inakunjuka sawasawa? Kasoro inayogunduliwa sasa hurekebishwa kwa dakika 5. Ikigunduliwa baada ya kuchomelea, ni kazi ya siku nzima.

Kuchomelea si kwa kila mtu

Mashine ya kuchomelea kwa vijiti, inayopatikana katika karakana nyingi mitaani, hutoa moto mkali unaotoboa bati jembamba. Inayofaa ni ile inayotoa waya ikisaidiwa na gesi ya kukinga, almaarufu MIG. Ikiwa huna ujuzi huo, hapa ndipo mahali pa kumwita fundi. Si aibu. Maandalizi uliyokwisha kuyafanya yatakuwa yamekuokolea gharama kubwa.

Hata hivyo, msimamie. Asichore mstari mmoja mrefu wa moto, kwa kuwa bati litajipinda kwa joto. Achomelee doa moja mbele, jingine nyuma, jingine ubavuni, akiacha chuma kipoe, mpaka madoa yakutane. Na akikwambia kwamba atapachika tu kipande juu ya kilichooza, mkatalie. Unyevu utanaswa katikati, na baada ya misimu michache ya mvua utakuwa na mabati mawili yaliyooza badala ya moja.

Rudia vipimo vyako. Vikilingana na vya awali, ondoa mihimili na usawazishe alama zake.

Kuilinda isirudi

Paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu tabaka mbili, juu na chini. Ziba viungo vyote kwa gundi maalumu ya kuzibia mabati ya magari, halafu ndipo upake rangi ya mwisho. Ndani ya mfereji, ambako brashi haifiki, nyunyiza nta ya kuzuia kutu. Vitundu vidogo vya kutolea maji usivizibe kamwe. Wengi huviona kama kasoro, kumbe ndivyo vinavyoinusuru sakafu.

Unaporudisha vipande vya mpira, tia gundi hiyo katika kila tundu la ribiti. Zulia ukilitaka, liondoe kila baada ya kuosha na uiache sakafu ikauke. Wanaoishi karibu na bahari waioshe skuta kwa maji baridi mara kwa mara, hasa upande wa chini.

Safari ya kwanza iwe ya polepole, mahali pasipo na magari. Jaribu breki ya nyuma mara kadhaa. Endesha katika barabara iliyonyooka na mwenzako akitazama kutoka nyuma kama magurudumu yanafuatana. Baada ya wiki chache, inama tena na bisibisi yako ukague kila kiungo.

Vespa zimedumu kwa zaidi ya miongo saba kwa sababu zinaweza kutengenezwa upya. Lakini doa dogo la kahawia lililopuuzwa leo ndilo litakalodai mwili mzima kesho. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.