Usiku wa Lini? Saa na Tarehe katika Taarifa za Watazamao Nyota

Mwanafunzi atazamaye nyota peke yake hana haja ya kumweleza mtu wakati alioziona. Haja hiyo huzuka ajumuikapo na wenzake walio mbali. Mpango wa Globe at Night, ulioanza mwaka 2006, huwaalika wanafunzi na watu wengineo wa nchi mbalimbali kulinganisha nyota wazionazo na michoro maalumu, ili giza la anga lipimwe, kisha wapeleke taarifa zao kwa intaneti. Taarifa ya namna hii haina budi kutaja mahali, tarehe na saa. Mahali hapaleti taabu. Tarehe na saa, zikiandikwa kwa Kiswahili, zahitaji uangalifu.

Kiswahili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa, hesabu iafikiyo sana nchi za ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mwanafunzi wa Mombasa aandikapo "saa 2 usiku" akusudia wakati ambao simu yake huonyesha 20:00. Asomaye kwa desturi ya Kiingereza aweza kudhani ni saa sita baadaye, na kwa saa sita mbingu huzunguka robo nzima. Katikati ya Novemba, Kilimia huwa bado chini upande wa mashariki saa 2 usiku; ifikapo saa 8 kimekwisha kuvuka juu na kuanza kuinamia magharibi. Taarifa mbili za kweli zitaonekana kupingana.

Tarehe ni tatizo zito zaidi, kwa kuwa halionekani upesi. Kwa desturi ya Waislamu wa pwani siku huanza magharibi, jua likitua. Hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Kwa wengi waliozoea kalenda ya shuleni, maneno hayo hayo ni usiku ufuatao mchana huo. Hapana aliyekosea sarufi, lakini wametofautiana siku nzima, na katika siku moja Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Apimaye giza la anga hawezi kulipuuza jambo hilo.

Wanafalaki wenyewe (wala si wanajimu, ambao shughuli yao ni nyingine) waliukwepa mtego huu kwa kuianza siku yao adhuhuri, ili usiku mmoja usigawike tarehe mbili. Mwaka 1925 waliiacha desturi hiyo katika tarehe za kawaida, ingawa hesabu ya siku za Julian ingali ikianza adhuhuri.

Kiswahili hakihitaji kuazima dawa. Usemi "usiku wa kuamkia", ambao magazeti huutumia kila mara, hauna maana mbili. Fomu yenye neno "tarehe" pekee humwacha mwanafunzi akisie. Yenye "usiku wa kuamkia tarehe" humwongoza. Aandikaye "usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba, 20:00" ataeleweka kuwa alitazama jioni ya tarehe 14, na mpokeaji atatoa saa 3 za Afrika Mashariki kupata 17:00 ya saa za ulimwengu.